Daftari Lisilokuwa na Kosa

Kuna asubuhi moja ya miaka ya hamsini ambayo hadi leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Vuta kiti, mwanangu. Jana dada yako alipotaka kukusaidia hesabu, nilikuona ukilifunika daftari lako kwa kiwiko. Nilinyamaza. Leo sinyamazi.

Tulikaa Subukia, kwenye laini, zile safu za vibanda vya wafanyakazi, katika shamba la mzungu. Baba alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Tulikuwa tumetoka mbali, upande wa magharibi, na hakukuwa na jirani aliyejua lugha yetu. Kisha ikaja hali ya hatari, serikali ya mkoloni ikipigana na Mau Mau. Majirani wetu Wakikuyu, waliokuwa wengi kuliko sisi sote, wakapakiwa kwenye malori na vyombo vyao wakaondolewa. Nyumba zikabaki zimefungwa, kuku wakazurura bila mwenyewe, na darasani madawati yakawa matupu. Nilikuwa mpweke, mwanangu, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Wa rika langu alibaki Zuhura, binti wa fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza ya duka pale sokoni. Watu wao walikuwa wa pwani. Zuhura hakuona haya kuuliza. Mwalimu akisema neno, mkono wake uko juu: "Mwalimu, hapo sijafahamu, hebu rudia." Darasa linacheka, yeye hana habari. Mimi ndiye niliyemwonea aibu.

Sasa sikia kosa langu. Mpaka darasa la tatu tuliandikia vibao. Ukikosea unatema mate, unafuta kwa kiganja, na hakuna anayejua. Darasa la nne nikapata daftari. Baba, ambaye hakuweza kusoma hata jina lake, aliosha mikono kwanza ndipo akalishika. "Nekesa," akaniambia, "hii kitu usichafue." Kila Jumapili tukitoka kanisani alilifungua na kutazama zile tiki nyekundu, ukurasa baada ya ukurasa, akitabasamu peke yake. Nikaapa kwamba hataona humo hata alama moja ya kukosa.

Kumbe njia ilikuwa rahisi. Hesabu ikiandikwa ubaoni, nilijaribu kwenye kibao changu cha zamani nilichokificha magotini. Nikikwama, nilingoja. Mwalimu akishaandika jibu, nililinakili daftarini kwa mwandiko wangu mzuri, nikapata tiki. Siku nyingine alilinyanyua daftari langu wenzangu walione. "Angalieni usafi!" alisema. Nami nilikaa pale nikijua kwamba sijui jibu lile limetoka wapi.

Wakati wa mapumziko Zuhura alinifuata. "Nekesa, njoo tusome sote. Hizi hesabu za sehemu zanishinda." Zilinishinda mimi pia, lakini kumwambia hivyo nisingeweza. Nilisema nina kazi. Kazi gani? Nilienda nyuma ya darasa kula kiazi changu, nikimsikia akibishana na wenzake na kucheka. Wakasema najivuna. Laiti wangejua nilivyotamani kuitwa mara moja zaidi.

Ukafika mtihani wa kuingia darasa la tano, na siku ya mtihani hakuna anayekuandikia jibu ubaoni. Zuhura akapita. Mimi nikaanguka, na siku zile nafasi zilikuwa chache mno. Ukianguka, shule imekwisha.

Ndiyo asubuhi ile ninayokuambia. Baba alinipeleka kwa mwalimu, daftari likiwa kwapani mwake, akiamini kabisa kwamba majina yamechanganywa. "Mwalimu, angalia mwenyewe. Hakuna mahali huyu mtoto amekosa."

Mwalimu alifunua kurasa zote polepole, kisha akanitazama. "Ni kweli, mzee, hakuna. Na hiyo ndiyo shida. Nimefundisha huyu msichana mwaka mzima, na hata siku moja hajanionyesha mahali amekwama. Sasa mimi ningemsaidia wapi?"

Baba hakunigombeza. Alilifunga daftari, akalipangusa vumbi ambalo halikuwepo, tukarudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Afadhali angenichapa.

Nikaenda kuchuma kahawa. Jioni kila mchumaji alimwaga kikapu chake juu ya gunia mbele ya nyapara, na zile mbichi zikachambuliwa kila mtu akiona. Siku ya kwanza nilitaka kukimbia. Mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akanicheka. "Mwaga, wewe! Ni nani hapa hana mbichi?" Nikamwaga. Nyapara akanionyesha jinsi ya kugeuza tunda nitazame upande usiopigwa na jua. Baada ya wiki moja mkono wangu ulikuwa umeshajua. Wiki moja tu! Nililia palepale kwenye gunia, na watu wakadhani nalilia kahawa.

Zuhura aliniandikia kutoka shule ya bweni. Barua zake zilijaa maneno yaliyokatwa na kuandikwa upya juu yake. Alisema huko hana wa kuongea naye. Mara nyingi nilianza kumjibu nikachana karatasi, maana niliogopa ataona makosa yangu. Barua ya tatu ilisema, "Kama nimekukosea, niambie." Hata hiyo sikuijibu. Ya nne haikuja, na sikumwona tena. Nimeishi miaka mingi na watu wengi wazuri, lakini mahali pa Zuhura pamekaa vilevile, patupu.

Kwa hiyo, mwanangu, ulipokwama paandike, palepale daftarini, mwalimu apaone. Wino wake mwekundu haukutukani, unamwonyesha pa kuanzia. Usichokielewa kiulize siku hiyohiyo, kesho kitakuwa kimeshapata wenzake. Keti na wale wanaouliza, hata kama wanachekwa, na ukiitwa mkasome, nenda, hata kama unajua kidogo kuliko wote. Shule haikupi kitu ukijificha ndani yake. Na siku utakayorudi na daftari lililojaa alama za kukosa, niletee mimi kwanza. Nitaosha mikono ndipo nilishike.

Mungu akufungue kichwa na kinywa kwa pamoja. Akupe mwalimu mwenye subira, akupe rafiki kama Zuhura, na rafiki huyo akikuandikia, Mungu akupe moyo wa kumjibu. Haya, toa hicho kiwiko tuone.