Mkono Nilioushika Darasani

Jamani, yamenikuta. Mimi ni nesi, na juzi nilikuwa Bugolobi nikiwafundisha wakunga uzazi wa mpango. Sheria yangu ni moja: hakuna kutoka kabla hujauvalisha kondomu ule uume wa mbao mbele ya wenzako.

Mama mmoja mwenye mafua, amevaa barakoa, aligeukia ukutani kila nilipomkaribia. Nikadhani ni haya tu. Nikamfuata na mbao yangu.

"Nnyabo, mama, mkunga mzima unaogopa mti? Nyumbani inakuwaje?"

Ukumbi ukacheka, nami nikanogewa. Nikamshika mkono, nikauweka juu ya mbao, tukaiteremsha kondomu pamoja, polepole, hadi chini.

"Mnaona? Mzee wake anafaidi kweli!"

Makofi yalipotulia akasema, kwa sauti ninayoijua kwenye simu tu, maana kwetu Waganda mtu hamgusi mama mkwe wake, hata kumtazama usoni ni mwiko:

"Sasa niachie mkono, mkwe wangu. Huyo mzee unayemsema ndiye uliyemletea kanzu ulipokuja kumposa binti yangu."