Mlango wa Meza ya Bwana

Swali lililoninyima usingizi miaka yote ya chuo ni hili: kama Mzee Bahati angefungua mlango wa kanisa siku ile, mama angepona, au tungekufa sote? Nimeligeuza kila upande. Nimepima umbali kutoka mtoni, nimepima mbio za mtu aliyevaa mabuti. Jibu sijapata. Nilichopata ni hasira.

Ilikuwa Jumapili ya kawaida kijijini kwetu, upande wa Kongo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimebatizwa mwezi uliotangulia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kushiriki Meza ya Bwana. Asubuhi mama alikamua marakuja, yaani pasheni, za kikombe, maana divai hatukuwa nayo. Alichuja mara mbili kwa kitambaa safi, akaonja, akaongeza sukari. Kanisani hakuruhusiwa kunywa. Alikuwa ametengwa kwa kupika kasiksi, pombe ya ndizi, na kasiksi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Mikono yake ilifaa kukamua, haikufaa kupokea.

"Usikunywe kama chai," aliniambia akicheka. "Gusisha mudomo tu, upitishe kwa mwenzako."

Kwetu waliotengwa waliitwa wa inje. Ibada ilipofika kwenye Meza, mchungaji alisema, "Wa inje watoke," nao wakatoka kukaa kwenye nyasi. Kisha Mzee Bahati, mzee wa kanisa aliyetunza mlango, alisukuma komeo. Sheria ilikuwa moja: mlango haufunguliwi mpaka kikombe kirudi mezani. Siku ile walitoka saba. Mama alitoka wa mwisho kwa sababu alisimama kwanza kunifunga vizuri kitambaa cha kichwa.

Mkate ulipita. Nilikuwa nao mdomoni tuliposikia risasi, mbali, upande wa mto.

Kikombe kilikuwa kimefika safu ya tatu.

Risasi nyingine. Halafu miguu ya watu wakikimbia kuja kwetu.

"Mufungue!" Viganja vilipiga mlango. "Mzee Bahati, mufungue, banakuja!"

Ilikuwa sauti ya mama.

Mzee Bahati aligeuka akatazama kikombe. "Hakiyarudi," alisema, kama mtu anayemkumbusha mtoto jambo dogo.

Mwanamke wa safu ya tatu alikishika kwa mikono miwili. Hakujua ampe nani.

Mimi nilimeza mkate.

Wenye bunduki walipiga risasi karibu sana. Mlango ukavutwa mara mbili, komeo likashika. Mtu akatukana kwa lugha nisiyoijua. Wakaondoka na mbuzi wa mchungaji.

Mlango ule ulifungukia nje. Ilibidi wazee wausukume polepole.

Sita walikuwa wamelala pale. Wa saba alikimbilia migombani akapona. Mama naye angeweza kukimbilia migombani, ilikuwa karibu zaidi. Alikuja kanisani kwa sababu mimi nilikuwa ndani.

Shangazi alinileta Kampala. Nilisoma hadi chuo kikuu, nikachukua historia, na kila nilipopata nafasi nilitafuta habari za ile Meza ilikotoka. Ilianza kama chakula cha jioni cha marafiki, mwenyeji akijua kwamba atauawa na kwamba aliyemuuza anakula naye. Alijua, na hakumtuma akakae kwenye nyasi. Baada yake watu walikula majumbani, chakula cha kushibisha. Wenye nacho walipowahi kula na kuwaacha maskini na njaa, mtume aliwakemea vikali. Kufunga milango na kuwatoa wasiobatizwa kulikuja baadaye, na wako wanaosema kwamba sababu moja ilikuwa hofu ya kukamatwa na askari.

Niliposoma hilo nilicheka maktabani, kicheko kibaya, watu wakageuka. Wenzetu wa kale walifunga mlango ili kuwaficha watu wao. Sisi tulifunga tukawaacha wetu upande wa bunduki, na tukaita jambo hilo utakatifu.

Kijana aliyenichapia tasnifu pale Wandegeya alipindua karatasi akashangaa. "Naye wewe, nyabo! Kurasa yote hii ya mukate? Kwani iko na njaa?"

"Niko nayo," nilimjibu.

Mzee Bahati naye alikimbilia Kampala. Alitunza mlango wa kanisa letu la Wakongo, ukumbi wa kupanga huko Bugolobi, nyuma ya viwanda. Miaka yote hiyo nilimwamkia bila kumtazama usoni. Wiki niliyohitimu aliniita tukae kwenye benchi.

"Mutoto wangu, macho imeisha. Muchungaji amekubali mulango ikuwe ya kwako. Weye ulisoma."

"Siku ile ulijua ni sauti ya nani?"

"Nilijua sauti zote za kanisa langu."

"Na hukufungua."

"Ningefungua, na weye ungekufa."

"Hilo ulilijua siku ile, Mzee, au baadaye?"

"Kisha," alisema. "Siku ile nilikuwa naangalia kikombe."

Nilitaka anidanganye ili nimchukie bila kujiuliza. Alisema kweli, na hasira yangu haikupungua hata kidogo. Kwa wiki tatu nilihesabu sababu. Nikikataa, mwingine atasukuma komeo. Nikikubali na kusukuma, mimi ndiye yeye. Na kama komeo lile ndilo lililoniokoa, je, nina haki ya kulilaani? Sijui mpaka leo. Watu sita hawarudi kwa sababu mimi nimesoma vitabu. Lakini kama niko hai kwa sababu ya mlango uliofungwa, sina deni kwa mlango. Nina deni kwa waliokuwa nje yake.

Nilikubali kazi.

Jumapili ya Meza mchungaji alisema, "Wa inje watoke." Watu wanne waliinuka. Wa mbele alikuwa Mama Neema, aliyetengwa kwa kuishi na mwanamume bila ndoa ya kanisa. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Rudini mkae," nilisema. "Leo hatoki mtu."

"Dada," mchungaji alisema taratibu, "umesahau utaratibu?"

"Sijausahau. Watu sita walizikwa kwa utaratibu huo, na mmoja wao ndiye aliyetukamulia kikombe siku ile."

"Kiburi cha shule!" mtu alisema nyuma. Mwingine akamwambia anyamaze. Mzee Bahati aliinamisha kichwa.

Nilitembea hadi mezani nikachukua sahani ya mkate kabla mkono wa mchungaji haujaifikia, nikaipeleka kwa Mama Neema.

"Utapewa azabu," alinong'ona. "Batakuweka inje pamoja na siye."

"Waniweke. Chukua."

Alichukua.