Upande Niliouvuta

Gari letu lilikuwa la kulala ndani: kitanda nyuma, kabati dogo la sahani, na mahali pa kuweka jiko. Mume wangu alilinunua likiwa zee, kwa sababu tulikuwa tunauza chumvi na vitenge kati ya Sake na Walikale, na barabara ile ikifungwa na matope ao na watu wenye bunduki, unalala pale ulipo. Tulilala mle miaka mitatu. Halafu injini ya petroli ikafa, na nyingine ya aina yake haikupatikana popote.

Mume wangu akapata injini ya mazutu, yaani dizeli, kutoka kwenye kamioneti, lori dogo, iliyopinduka. Ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Alikata vyuma, akachomelea vingine, akapima tena na tena. Jirani yetu, mfanyabiashara mtu wa Butembo, akatuazima palan yake, ile mashine ya mnyororo ya kunyanyulia vitu vizito. Tuliitundika kwenye miti mitatu ya mikaratusi nyuma ya nyumba yetu, Sake.

"Mama, wewe utavuta munyororo," mume wangu aliniambia. "Huku inapanda, huku inashuka. Usichanganye."

Injini ilipanda vizuri. Tukaisukuma mpaka juu ya mahali pake, tukaanza kuishusha. Ilipobaki kidogo kukaa, mume wangu aliingiza mkono chini kunyoosha mpira uliojikunja.

"Pandisha kidogo," akasema.

Wakati huohuo dada mmoja alipita njiani akaniuliza nimerudi lini kutoka Walikale. Nikageuka kumjibu, huku mikono yangu ikivuta mnyororo mara mbili, kwa nguvu. Ndipo nikasikia mume wangu akilia.

Vidole vitatu vya mkono wa kuume vilikatwa hospitalini. Watu walipokuja kumwona na kuuliza, alijibu akiangalia ukuta: "Palan ya jirani iliteleza." Mimi nilijiambia nitasema ukweli kesho.

Ndugu zake waliteremka kutoka Muheto wakiwa na hasira. Walisimama mbele ya duka la jirani, wakamtukana mbele ya wateja, yeye na watoto wake. Watu wakaacha kununua kwake. Kabla mvua hazijaisha alifunga duka, akahamisha familia yake Walikale. Palan yake ilibaki kwetu. Hakuja kuichukua.

Fundi mwingine alimaliza kazi. Gari likawaka, likatetemeka mpaka sahani mbili zikapasuka kabatini. Mume wangu hakuweza tena kushika gia, kwa hiyo nilijifunza kuendesha, yeye amelala nyuma, akinifokea kila kona.

Tulipofika Walikale mara ya kwanza, nilimwacha garini nikaenda kwa jirani. Nilimkuta akipanga sabuni.

"Papa, palan yako haikuteleza. Mimi njo nilivuta upande mubaya."

Hakuacha kupanga. "Ninajua, Mama. Niliiangalia siku ileile. Ilikuwa nzima."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini mbele ya mutu mwenye kukatwa vidole? Sasa unaniambia mimi, na mimi niko najua. Enda uambie wale walitukana watoto yangu."

Nilimwomba msamaha. Mteja aliingia, naye jirani akaenda kumhudumia.

Nilirudi garini nikamwambia mume wangu kwamba nitawaambia ndugu zake; alinisikiliza akiwa kitandani, mkono kifuani. "Nilisema vile kwa ajili yako," akasema. "Ao ulitaka waseme bibi yangu alinikata mukono? Ukiwaambia, mimi njo nitakuwa mwongo. Nyamaza."

Nilishika usukani, nikaturudisha Sake. Jumapili iliyofuata nilipanda Muheto, nikamkuta mama mkwe shambani akipalilia viazi pamoja na shemeji zangu wawili. Nikawaambia wote watatu. Mama mkwe aliweka jembe chini. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama mtoto wake aliumia sana siku ile. Nikasema ndiyo. Shemeji mkubwa aliondoka bila kuniaga. Hakuna aliyekwenda Walikale kuomba radhi.

Habari zilimfikia mume wangu kabla sijafika nyumbani. Bado tunasafiri pamoja, mimi mbele, yeye nyuma. Ananiambia mambo ya barabara tu: shimo, daraja, punguza. Jirani hakurudi Sake. Kila tukifika Walikale ninaenda kwake kununua sabuni, naye ananiuzia.