Nilivyopelekwa kwa Mume kwa Rivasi

Wenzangu walipelekwa kwa waume zao kwa vigelegele. Mimi nilipelekwa kwa rivasi.

Usicheke. Au cheka tu, nimeshazoea. Karagwe nzima habari hii imepita kila kilabu cha pombe, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake. Wapo wanaosema gari lilikuwa na shetani. Wapo wanaosema shetani ni mimi.

Acha niwaeleze mwenyewe, maana ndani ya lile gari nilikuwemo mimi, si wao.

Naitwa Kokugonza. Kwetu ni Isingiro, watu wa ng'ombe. Baba yangu ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa kweli kweli, yule anayekukoholea ukichelewa ibada. Mwaka huo wa 1958 nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nafundisha watoto kusoma.

Mchumba wangu aliitwa Leonadi, mnunuzi wa kahawa pale Nkwenda. Suruali yake ilikuwa na pasi, maneno yake yalikuwa na mafuta. Baba akampenda. Mimi sikukataa.

Alikuja kuposa na pikapu kuukuu aliyouziwa na Mzungu mmoja wa machimbo ya bati, aliyekuwa anafunga virago arudi kwao.

Sasa lile gari halikuwa na klachi. Gia zilijibadilisha zenyewe. Unasogeza kijiti kimoja pale kwenye usukani, unakanyaga mafuta, basi, unakwenda. Jingine la namna hiyo hatukuwahi kuliona.

Leonadi alilizungumzia kama amelizaa.

"Madereva wengine wanavuta gia kama wanang'oa mihogo," alimwambia baba. "Gari langu linafikiri."

Nikasema moyoni, heri. Humo ndani lazima awepo mmoja wa kufikiri.

Siku ikafika.

Kwetu bibi arusi akishatoka uani kwa baba yake hatazami nyuma tena. Ukitazama nyuma maana yake moyo umeuacha, na upande wa mume wana haki ya kukukataa. Kanisani tunafundishwa kuwa huo ni upuuzi. Lakini baba huyo huyo, mzee wa kanisa, alinisindikiza mpaka langoni akaninong'oneza, "Mwanangu, usigeuke."

Mpango ulikuwa nilale kwa Ma Kokwijuka, shangazi yake Leonadi, aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Asubuhi mchungaji angetufungisha ndoa palepale Nkwenda. Baada ya hapo, kwa Walutheri, hakuna kurudi. Na nikikimbia kabla ya hapo, baba asingenifungulia mlango. Binti aliyetoroka ni aibu ya ukoo mzima.

Tukapanda. Leonadi kwenye usukani, mimi katikati, shangazi yangu Kyomugisha dirishani, amepakata chungu cha samli. Samli hiyo mama yangu aliikusanya kidogo kidogo tangu siku ya posa, iwe zawadi ya Ma Kokwijuka. Nyuma, juu ya sanduku langu, alikaa Rwegoshora, mpambe wa bwana arusi.

Tulipofika kwenye mlima, gari likagoma.

Injini ikanguruma, magurudumu yakasita. Kelele nyingi, mwendo hakuna. Nikamtazama mwenye gari, nikaona wamefanana.

Rwegoshora akaruka chini, akachungulia uvunguni. "Leonadi! Mafuta mekundu yanamwagika."

"Funga mdomo wako."

"Si ndiyo yale yale ya juzi? Nilikuambia tuagize mafuta ya giaboksi Bukoba. Ukasema baada ya harusi."

Kumbe alijua! Alijua gari linavuja, akampakia binti wa watu.

"Mafuta ni mafuta," Leonadi akasema. Macho yake yakahamia mapajani kwa shangazi yangu.

Shangazi akakikumbatia chungu. "Hii ni samli ya wifi yangu, baba. Imetumwa kwa shangazi yako."

"Shangazi ataelewa."

"Ataelewaje kitu ambacho hajakiona?"

Leonadi alikivuta chungu mapajani mwa mwanamke mzee, mbele ya macho yangu, akakitoa kama anachukua kiti kanisani. Akakiweka juu ya injini mpaka samli ikayeyuka.

Sikuweza kunyamaza. "Leonadi, umeona wapi gari linakunywa samli?"

"Mwalimu, kafundishe a, e, i, o, u. Mambo ya gari niachie mimi."

Akaimimina yote kwenye bomba la mafuta ya gia. Rwegoshora alikuwa anatazama pembeni kama mtu anayeona mwenzake amevuliwa nguo.

Gari likawaka. Likajikongoja mbele kidogo. Leonadi akanigeukia anacheka, "Umeona?"

Niliona. Niliona moshi. Kisha ikaja harufu ya samli inayokaangwa, harufu tamu kabisa, ungedhani humo chini kuna mtu anapika ndizi. Halafu pakasikika mkwaruzo, na gari likasimama jumla.

Akasogeza kijiti huku, akasogeza kule. Injini ikalia, gari halikutikisika. Mwisho akajaribu rivasi.

Likaenda.

Mwanaume mwenye akili angesema, jamani, tushuke tutembee. Shangazi alisema hivyo hivyo. "Baba, kilichobaki si kirefu. Tutembee."

"Nkwenda wananisubiri na gari, si na miguu."

"Basi mtoto apande nyuma, akae ametazama anakokwenda."

"Bibi arusi wangu akae nyuma kama gunia la kahawa?"

"Basi niruhusu nimfunike kanga, asione kwao."

"Shela nimeitoa Bukoba, shangazi! Ifunikwe ili iweje? Ionekane!"

Akalizungusha gari kwenye majani, makalio ya gari yakaelekea Nkwenda, nyuso zetu zikaelekea Isingiro. Akatoa kichwa nje ya dirisha, akakunja shingo kama kuku anayetafuta yai lake, akaanza kurudi nyuma kwenda mbele.

Hivyo ndivyo nilivyoliacha boma la baba yangu. Nikilitazama. Vilima vya kwetu vilikaa mbele ya kioo njia nzima, vinapungua polepole, na mimi katikati nimekaa wima na shela yangu ya Bukoba.

Mzee mmoja alitupita anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Alitupita! Anasukuma kwa mkono!

"Bwana Leonadi," akasema, "umesahau kitu kwa wakwe?"

Rwegoshora akaangua kicheko huko nyuma. Leonadi akampigia mzee honi. Hiyo honi tu ndiyo iliyobaki nzima kwenye gari lile.

Mbele kidogo wachungaji wakasimama na ng'ombe wao kutupisha. Mmoja akauliza, "Mnampeleka au mnamrudisha?"

"Pita na ng'ombe wako!" Leonadi akafoka.

"Nipite upande upi? Wewe mwenyewe hujui unakwenda wapi."

Tulipoingia Nkwenda, wanawake walikuwa wamejipanga uani wanapiga vigelegele. Kilichotangulia kufika kikawa makalio ya gari. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

Ma Kokwijuka akasogea, mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka kama mwiko.

"Mbona limegeuzwa?" akauliza.

"Ni mtindo tu, shangazi," Leonadi akasema, anajifuta jasho. "Gari hili lina mitindo mingi."

Nadhani jambo lingeishia hapo. Watu walishaanza kucheka, ngoma ikaguswa, sanduku langu likashushwa. Hapo ndipo shangazi Kyomugisha aliposhuka, akajitengeneza kanga, akasema kwa sauti ya kufika mpaka migombani:

"Wenyeji, hamjambo?"

"Hatujambo."

"Mtoto tumemleta. Ila mimi ni mtu wa kanisa, sitaficha. Tangu kule mlimani amekuja ametazama kwao."

Wanawake wakamgeukia Ma Kokwijuka.

"Leonadi," Ma Kokwijuka akasema, "ni kweli?"

"Ni gari tu, shangazi, gia ya mbele ime..."

"Nimeuliza kama ni kweli."

"Ni kweli."

Bibi kizee akanitazama, akatazama mikono yetu. "Na samli iko wapi? Watu wa ng'ombe mnakuja mikono mitupu?"

Na hapa, jamani, ndipo nilipomaliza kumfahamu mtu ambaye nikiamka asubuhi ningekuwa mkewe.

"Hawakuleta, shangazi," Leonadi akasema. Macho makavu! "Hata mimi nilishangaa."

Bibi arusi hasemi. Mimi nikasema.

"Imeletwa, mama. Imo ndani ya gari. Mwanao ameikaangia gia."

Ma Kokwijuka hakubishana na mimi. Akaenda mpaka kwenye gari, akainama, akapaka kidole kile kitu kilichokuwa kinadondoka, akakinusa.

"Mawe, mama wee!" akasema taratibu, kwa uchungu. "Na ilikuwa samli nzuri."

Msidhani alinihurumia. Aligeuka akaniambia, "Umekuja unatazama kwenu, na mdomo unao. Rudi. Uianze safari upya, kwa miguu, uso mbele, na samli nyingine."

Samli nyingine! Ukoo huu hauna aibu. Ningecheka kama nisingekuwa nimevaa shela.

"Shangazi, mchungaji anakuja asubuhi!" Leonadi akalia.

"Atasubiri."

Shangazi yangu akauliza kwa upole mno, "Kwa hiyo mnamrudisha ninyi wenyewe?"

"Sisi wenyewe."

"Mbele ya watu hawa?"

"Mbele yao."

"Asanteni." Akanishika mkono. Akamwambia Rwegoshora atafute baiskeli ya kubebea sanduku, na Rwegoshora akaipata upesi kuliko alivyowahi kufanya lolote kwa ajili ya rafiki yake.

Tukatembea. Mji ulipoishia nikaanza kulia. Si kwa sababu ya Leonadi, nililia kwa kumwogopa baba.

"Unalilia nini?" shangazi akauliza. "Umetoroka?"

"Hapana."

"Umerudishwa. Mashahidi uwanja mzima."

Nikasimama. "Shangazi. Wao hawakuwa wameliona jambo la kutazama nyuma. Wewe ndiye uliyesema."

"Ndiyo."

"Na kule mlimani ulikuwa unamsihi..."

"Nilikuwa nampa nafasi ya kujiokoa. Utembee, akakataa. Ukae nyuma, akakataa. Nikufunike, akakataa. Angekubali moja tu, ningenyamaza na kesho ungeolewa." Akaendelea kutembea. "Mimi mwenyewe nilipoolewa niligeuka mpaka shingo ikaniuma. Hakuna aliyeniuliza."

Baba alitukuta langoni, uso umekunjwa. "Amekimbia?"

"Amerudishwa," shangazi akasema. "Na wenyewe. Hadharani."

Baba akakohoa. Kisha akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa, akanipa.

Leonadi alikuja baadaye, kwa miguu, viatu mkononi. Fundi aliyetoka Bukoba alikuwa amelifungua giaboksi, akachungulia, akalifunga tena na kuaga. Kuku wanataga kwenye kiti cha dereva sasa.

"Shangazi amesema muda wa kuja umefika," akaniambia. "Aliagiza urudi, uanze upya."

"La kurudi nimetii."

"Na la kuanza upya?"

"Hilo litafutie mwingine."

Unajua alijibu nini? Hakusema ananipenda. Hakuomba radhi kwa mama yangu. Alisema, "Sasa watu wa Nkwenda nitawaambia nini?"

Nikaenda zangu kukamua.

Dada zangu, gari likitembea kila mwanaume ni hodari. Subirini likwame mlimani, kisha mtazame anamnyang'anya nani, na anamnyang'anya nini. Mimi nilimwona akichukua chungu mapajani mwa mwanamke mzee. Yote niliyoyaona baada ya pale yalikuwa marudio.