Mawe ya Murunga

Katika ghala la mahindi karibu na stesheni ya Eldoret, mtu akitia chumvi katika maneno yake, wenzake humwambia, "Hayo ni mawe ya Murunga." Wengi wasemao hivyo hawakumwona Murunga. Mimi nilikuwa mke wake, na ninaandika ili watoto wake wajue msemo huo ulitoka wapi.

Elphas Murunga alikuwa karani wa ghala hilo baada ya vita vya Hitler, wakati Makaburu walikuwa bado wanaleta mahindi kwa magari ya ng'ombe na wazee bado wanauita mji Sisibo. Alikuwa mtu wa Kimilili, mnyoofu, kiongozi wa kwaya kanisani. Tangu utoto hakuwa amekimbia mbio zozote. Kila mwaka ghala lilipeleka mtu mmoja kwenye mbio za maili moja katika michezo ya wilaya, na mtu huyo alikuwa Kipyego, mpakiaji kutoka kijiji cha Ziwa. Mwaka huo gunia lilimwangukia Kipyego mguuni, na mzungu wa ghala akamwachia achague wa kushika nafasi yake.

"Nipe mimi," Murunga akamwambia.

"Wewe karani? Utakimbia na kalamu kwa sikio?"

Wapakiaji walicheka, lakini Kipyego alimpenda Murunga. "Haya, anza mazoezi. Lakini usijipime na roho yako, roho inapenda kujisifu. Jipime na kitu."

Saa tuliyoijua ilikuwa ile ya ofisini, imepigiliwa ukutani. Kwa hiyo Murunga alichukua kitu alichokijua kuliko saa, yaani wimbo mmoja wa kanisani wenye beti nne. Alfajiri alisimama panapokatiza reli, akaanza kukimbia kuelekea Kiplombe huku akiuimba moyoni. Pale neno la mwisho lilipomkuta, aliweka jiwe kando ya barabara. Wiki iliyofuata jiwe jipya likawekwa mbele ya lile la kwanza. Alirudi nyumbani miguu myekundu kwa vumbi, anahema, hata uji hakuweza kuunywa mara moja.

"Mama Nasike, limesogea tena."

Sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi yetu.

Mawe yalizidi kwenda mbele hadi yakaikaribia mikalitusi ya shamba la Kaburu mmoja. Kipyego alikwenda na fimbo yake, akayaona kwa macho yake. Siku hiyohiyo akamwambia mzungu kwamba karani ndiye mtu wao, akamkatalia Kiprono, mpakiaji aliyeitamani nafasi hiyo kwa muda mrefu.

Siku ya michezo Murunga alimaliza wa mwisho. Wenzake walikuwa wameshakunywa maji, naye bado yuko uwanjani peke yake, mkono kifuani, anatembea. Kipyego alichukua fimbo yake akaondoka. Alisema Jumatatu, ghalani.

"Uliyasogeza na mkono."

"Sikuyasogeza, Kipyego."

"Basi yalitembea yenyewe."

Kicheko cha siku ile ndicho kilichozaa msemo. Murunga alikuwa amesimamia mizani ya watu miaka mingi bila kushukiwa hata kibaba kimoja. Aliingia nyumbani akakaa bila kuvua kofia, na chakula hakukigusa.

Jumamosi aliniambia, "Twende ukaniimbie. Imba kama kanisani, usiharakishe, usivute."

Mimi nilikuwa mwalimu, na wanawake wa hadhi yangu hawakuimba barabarani. Nilifunga kitambaa changu cha Jumapili, nikasimama kando ya reli, nikaimba kwa sauti, beti zote nne. Mwendesha gari la ng'ombe alisimamisha gari ili anitazame. Nilipofika neno la mwisho, Murunga hakuwa amelifikia hata jiwe la kwanza. Alikuwa ameinama, mikono magotini. Nilimfuata hadi pale alipokuwa.

"Kumbe wimbo ulikuwa unanisubiri," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Kadiri pumzi ilivyompungukia, ndivyo alivyouvuta wimbo moyoni bila kujua. Kila neno likawa refu, naye akawa anafika mbali kwa sababu tu alichukua muda mrefu. Mawe yalimwambia kwamba anaongeza kasi, kumbe mwili ulikuwa unaishiwa. Baadaye daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka kwa siku nyingi.

Alikwenda kwa Kipyego akamweleza yote. "Karani," Kipyego akamjibu, "sasa makosa ni ya wimbo wa Mungu?"

Murunga alifariki kabla ya mavuno.

Kabla hatujamzika nilimwendea Kipyego mwenyewe. Nilimwomba afike relini, anisikilize nikiimba, aelewe jinsi mtu mkweli anavyoweza kupotea. Aliniangalia kwa huruma.

"Mama, marehemu hasemwi vibaya. Mimi nilimsamehe zamani. Tumwache apumzike."

"Sikuja kumwombea msamaha."

"Najua, Mama. Pole sana."

Mazishini alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, akichechemea kwa mguu wake mbovu, na machozi yakimtoka. Watu walisema Kipyego ana moyo mwema, mtu aliyedanganywa vile na bado akaja kumzika rafiki yake. Walinijia mmoja mmoja kuniambia hivyo, nami niliwapa mkono, nikawashukuru.