Mito Saba na Ruaha

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hekalu la Wahindu pale Iringa, niliharibu. Maharaji, ndivyo tulivyomwita kuhani wao, alinituma nijaze lota, yaani kile chombo kidogo cha shaba cha maji ya ibada. Nikakijaza, nikamletea kwa mkono wa kushoto. Aliyamwaga maji yote kwenye maua, wala hakufoka.

"Rudia, Fidelis. Mkono wa kulia, na usiyapumulie."

Ndivyo tulivyofundishwa kazi wakati ule, vijana, semina hazikuwepo. Nilijifunza kusugua shaba kwa majivu na ndimu, na kuchuma tulsi, majani ya jamii ya mrehani, ya kutia majini. Kisha Maharaji alitamka mantra, maneno ya Kisanskriti ya kuiita mito saba mitakatifu ya India iingie ndani ya lota. Bila maneno hayo, alisema, ni maji ya bomba tu. Akimaliza mito yao saba, aliongeza kwa sauti ya chini mto wa pale kwetu: Ruaha. Alizaliwa Iringa yule.

Siku moja mwenyekiti wa kamati ya hekalu alinikuta nafagia huku naitamka mantra. Nilikuwa nimeishika yote kwa kuisikia tu.

"Wewe kazi yako vyombo," aliniambia. "Maneno haya hayakuhusu."

Nikafunga mdomo miaka yote iliyobaki. Ubishi sina, na hilo ndilo linaloniuma.

Baadaye tulihamishiwa hekalu la Mbeya, mimi na Maharaji. Familia za Kihindu zikapungua, watoto wao wakaenda ng'ambo, hata kamati ikafa. Mwaka jana Maharaji akaugua. Asubuhi moja aliniita chumbani kwake, nyuma ya hekalu. Mtu wao akiwa anakata roho hutiwa kinywani maji yaliyosomewa mantra, pamoja na jani la tulsi. Hapakuwa na mwingine wa kumtilia.

"Lete lota," alisema. "Iite mito."

"Mimi siruhusiwi, Maharaji."

"Nani kasema?"

Mwenyekiti alishakufa zamani, na bado nilimwogopa. Nikamtia maji midomoni, kimya, kwa mkono wa kulia. Alinitazama akingoja, mpaka macho yakatulia.

Sasa nimestaafu, nalima viazi Uyole. Kila asubuhi nikinawa naitaja mito ile saba kwa sauti, majirani wanasikia. Nikifika Ruaha nalia. Kazi niliijua yote, na siku aliponihitaji nilimpa maji ya bomba.