Mwenye Nyumba Niliyemtafuta Jikoni

Siku ya posa tulikuwepo mimi, shangazi Mwanakombo, mdogo wangu wa mwisho Saumu aliyekuwa akiposwa, na wageni watatu kutoka Gazi wasionijua, wakiongozwa na Mzee Bakari. Wazazi walitufia mapema, nikaacha shule nikawalea wadogo zangu, kwa hiyo mwenye kujibu posa ni mimi.

Lakini nilikuwa mhudumu wa hoteli huko Diani, na miguu yangu haijapata habari kwamba nimestaafu. Niliwapokea wageni, nikawanawisha mikono, nikawapakulia biriani, kisha nikasimama ukutani na kitambaa begani.

Walipokwisha kula, Mzee Bakari aliniita. "Ndugu yangu, huyu mwenye nyumba ana maringo! Kama hataki posa yetu, aseme twende zetu."

"Samahani, bwana. Namwita sasa hivi." Nikakimbilia jikoni.

"Kaka, unamtafuta nani?" Saumu akauliza.

"Mwenye nyumba."

Shangazi aliangua kicheko, akasema kwa sauti iliyofika hadi sebuleni: "Si wewe, mwanangu! Uzee huo!"

Nilirudi na sinia mkononi. "Kumbe mwenye nyumba ndiwe!" alisema Mzee Bakari, na tukacheka sote mpaka wakaaga.

Walipofika barabarani, Saumu alichungulia dirishani. "Na jibu lao, kaka?"

Jibu hilo wananidai hadi leo.